Gari la Kiti Kimoja

Thornsett, Swaledale
20 Septemba 1953

Dada Thirza,

Gari limekuja. Lori la wizara ya pensheni lililishusha Jumanne mchana, na kijiji kizima kikatoka kulitazama kana kwamba ni ndama mwenye vichwa viwili. Ni dogo kuliko nilivyodhani. Lina magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, turubai juu, na rangi ya buluu iliyopauka kama shati lililofuliwa miaka mingi. Usukani wake si wa duara, ni mpini unaousukuma huku na huku, na kila kitu kimo kwenye mpini huo, mafuta na breki, ili mwenye miguu iliyokufa asiihitaji. Kiti ni kimoja. Yule bwana aliyelileta akaniambia, "Ukumbuke, Bwana Alderson, ni marufuku kupakia abiria."

Nikamwambia, "Nitampakia wapi, mfukoni?"

Hakucheka. Alinifundisha kuliwasha, akanitaka nitie saini mahali panne, akaenda zake.

Na jana, dada, nilipanda nalo mlima. Miaka tisa nimeitazama njia ile kutoka dirishani, ikipanda kati ya kuta za mawe na kupotea juu kabisa. Wewe ulikuwa ukinisukuma mpaka pale kwenye lango la akina Raw, pumzi inakuishia, tunageuka. Jana sikugeuka. Lango lilipita. Ghala za nyasi zikapita, moja moja, kama watu wazima wanaotembea polepole kwenda kanisani. Huko juu vichaka vimechanua zambarau hadi macho yanachoka, na upepo una harufu ya asali. Nilikaa huko mpaka jua lilipoanza kuegemea mlima, nikasikia kondoo wakitafuna. Sikuhitaji mtu.

Basi usiniulize tena nani atanisukuma. Kaa huko baharini kwako, upike, upumzike. Nimekuwa mzigo wako muda wa kutosha.

Mdogo wako,
Clem


Karibu na Craster, Northumberland
4 Oktoba 1953

Mdogo wangu Clem,

Mzigo ni neno la kutia kwenye gunia, usinitilie kwenye barua. Mengine yote uliyoandika nimeyasoma mara nne.

Huku sijambo. Shuleni watoto ni arobaini na wawili, wote wagonjwa wa vifua, wengine wamekonda mpaka unaweza kuhesabu mbavu kupitia sweta. Madirisha hayafungwi hata mvua ikinyesha, ndiyo dawa yenyewe. Napika uji kwenye sufuria ambalo ningeweza kuoga ndani yake. Matroni, msimamizi wetu, ni mkali, lakini ananiacha nitie sukari.

Nina jambo la kuungama. Nilikuwa naisoma barua yako jikoni huku namenya viazi, midomo yangu ikawa inatikisika, na kuna msichana mmoja, Maud, ambaye masikio yake ni makubwa kuliko mapafu yake. Akasema, "Soma kwa sauti, Bi Alderson." Nikasoma. Jioni yake wakaitaka wote, wakati wa maziwa. Kimya kilichokuwamo humo ndani, Clem, sijakisikia hata kanisani. Hawa ni watoto wasioruhusiwa kupanda ngazi mbili bila kupumzika. Wakataka kujua gari lina jina gani, na utakwenda wapi tena.

Fundi seremala wa shule, Bwana Straughan, ametengeneza ramani ya kaskazini yote juu ya ubao na kuitundika ukutani. Amepigilia msumari mdogo wenye kichwa cha buluu pale ulipofika. Anasubiri kuusogeza. Ni mtu mpole, mjane, anatembea na penseli sikioni hata mezani.

Uniandikie upesi. Uwaandikie wao.

Dada yako,
Thirza


Thornsett
15 Novemba 1953

Dada Thirza, na Maud, na wengine wote mnaokunywa maziwa,

Gari halina jina. Nililiuliza, likanguruma tu.

Wiki hii nimekwenda mbali kuliko siku zote, ng'ambo ya mlima, kule njia inapopita kando ya mashimo marefu yasiyoonekana mwisho. Nilipotoka hapa ukungu ulikuwa mzito, sioni hata gurudumu langu la mbele. Nikapanda ndani yake kama mtu anayepanda ngazi ndani ya maziwa. Halafu, pasipo kutazamia, nikatoka juu yake. Jua lilikuwa linawaka. Bonde lote lilikuwa limejaa ukungu mweupe mpaka kwenye ukingo, na vilele vya milima vimesimama ndani yake kama visiwa. Nikazima injini. Kulikuwa na kondoo mmoja tu, alitokeza kichwa kutoka chini kama anayeogelea, akanitazama, akazama tena.

Nilisikia kengele ya kanisa letu ikipiga chini ya ukungu. Nikawaza kwamba nyumba yetu iko huko, na kitanda changu, na kiti changu cha kusukumwa, vyote vimelala chini ya maji meupe, na mimi niko ufukweni. Nikakaa hivyo muda mrefu. Nilisahau ni nani asiye na miguu, mimi au mlima.

Mwambieni Bwana Straughan asogeze msumari vidole viwili kuelekea magharibi. Mkipata nafuu mtavuka bahari hiyo wenyewe, kwa miguu.

Clem Alderson


Thornsett
17 Januari 1954

Mwanangu Thirza,

Mkono wangu ni mbaya na miwani nimeikalia, basi usome utakachoweza. Sisi wazima. Theluji imefika kwenye madirisha. Ndugu yako nampelekea supu kila siku na ananishukuru vizuri, hilo simnyimi.

Lakini mwanangu, siwezi tena kunyamaza. Mke wa bwana wa posta aliniambia unawasomea watoto barua za safari za Clem, na huko zimekuwa habari kubwa. Safari zipi? Lile gari tangu lisukumwe ndani ya banda langu halijavuka kizingiti. Hata mara moja. Kuku wangu wa madoa ametaga chini ya kiti chake.

Asidhaniwe kuwa mwongo wa kawaida, maana nimemwona. Kila alasiri anajikokota kwa magongo, anaingia ndani ya gari, anakaa, mlango wa banda uko wazi, anashika mpini. Halafu anafumba macho. Saa nzima, wakati mwingine mbili. Midomo inatembea, na mpini anauzungusha kidogo kama kwenye kona. Siku moja nilimwambia, "Clem, gari hilo nalo halichoki?" Akasema, "Bi Metcalfe, funga mlango, unaniletea upepo." Na banda halikuwa na upepo hata chembe.

Tangu siku lilipoletwa, injini nimeisikia mara moja tu, Oktoba. Iliwaka kidogo ikazimwa. Nilipofika alikuwa mweupe kama unga, jasho linamtiririka na nje kuna barafu. Vidole vilikuwa vimegandia kwenye mpini, nikavibandua kimoja kimoja. Nikamuuliza, "Una nini?" Akasema, "Harufu ya petroli." Tangu siku ile hajaigusa ile swichi.

Sisemi nikuharibie raha. Nasema ili mtu mmoja ajue.

Jirani yako,
Dinah Metcalfe


Karibu na Craster
2 Februari 1954

Bi Metcalfe mpendwa,

Barua yako niliisoma ghalani, nimekaa juu ya gunia la shayiri. Nilishangaa, halafu nikashangaa kwa nini nimeshangaa. Katika safari zote hizo hajakwama hata mara moja. Gari gani hilo lisilokwama?

Nisingemwacha. Alinishawishi yeye. Alisema gari likija atakuwa mtu huru na mimi niwe mtu huru, na mimi nina miaka thelathini na tisa, Bi Metcalfe, nilitaka sana kumwamini. Kumbe amekaa bandani ananitengenezea safari kama mtu anayemfumia mtoto soksi, ili nisirudi.

Basi nitarudi. Nimemwambia matroni kwamba Pasaka ndiyo mwisho wangu. Clem nitampa sababu nyingine, hatajua kuwa umeniambia.

Nawe uniwekee siri moja, maana sina mwingine wa kumwambia. Bwana Straughan, yule seremala, aliniomba tuoane. Ilikuwa Jumapili, tunatandika meza. Alisema, "Thirza, mimi si mtu wa maneno, ila nyumba yangu ina viti viwili na kimoja kinapata vumbi." Nilimwambia hapana. Nilimwambia nina ndugu. Akasema anaelewa, akachukua penseli kutoka sikioni, akairudisha, akaendelea kupanga vijiko. Nisingependa Clem alijue hili mpaka siku nitakapozikwa. Ni lako peke yako.

Thirza


Karibu na Craster
1 Machi 1954

Mdogo wangu Clem,

Nakuandikia kwa haraka. Upepo wa huku umeanza kuniingia mifupani, na barua zako zimenifanya nitamani nyumbani. Unavyoieleza milima yetu, najiuliza nafanya nini pembeni ya maji haya ya chumvi. Nimeaga kazini. Nitafika kwa Pasaka, na safari hii nakuja kukaa.

Usinijibu kwamba nisije. Nimeamua.

Dada yako,
Thirza


Corbridge
Ijumaa, 2 Aprili 1954

Thirza,

Nakuandikia kutoka chumba cha chini cha nyumba ya wageni iliyo karibu na daraja la mto Tyne. Suruali yangu inaning'inia mbele ya moto na mimi nimefungwa blanketi la mwenye nyumba. Ni saa kumi alasiri. Nimekwama.

Nianze na Bi Metcalfe. Usimkasirikie. Siri yako aliitunza kwa siku nyingi kuliko kawaida yake, kisha nilipomwonyesha barua yako ya upepo wa mifupani akaweka bakuli la supu chini akasema, "Uongo mtupu. Mmefanana kama mbaazi." Akanieleza yote. Kwamba wajua. Kwamba kuna seremala.

Basi hakuna safari niliyokwenda. Mlima, asali, bahari ya ukungu, vyote nilivipata bandani nikiwa nimefumba macho. Nilikuwa naviona, Thirza, hilo si uongo. Nilijua kila kona. Nilivyoviona ndivyo nilivyoandika. Ila nilikuwa nanuka mavi ya kuku muda wote.

Sasa nitakuambia jambo ambalo miaka tisa hukuniuliza. Kifaru chetu kilipopigwa vitani kule Italia, mimi nilikuwa dereva, na mlango wa dereva ulikuwa juu ya kichwa changu. Nikatoka. Nilipigwa mgongoni nikiwa nimeshatoka, nikaanguka kwenye majani. Mwenzangu Fergus Laidlaw alikuwa ndani, mlango wake ulikuwa umekwama. Alikuwa anagonga. Si kwa fujo. Alikuwa anagonga kama mtu anayebisha hodi. Nilikuwa mbali naye kama kutoka hapa hadi kwenye ule mlango wa chumba, na miguu haikunitii. Petroli ilikuwa inanuka. Halafu akaacha kugonga.

Ile injini ndogo ya buluu ikiwaka hugonga vilevile. Fundi yeyote atakuambia ni kawaida, injini ya pikipiki. Mimi nilisikia hodi.

Baada ya Bi Metcalfe kuondoka nilikaa garini, macho wazi safari hii. Nikawaza: Thirza amekataa nyumba yenye viti viwili kwa ajili ya mtu aliyekaa bandani. Nikawasha. Ikagonga. Nikasema kwa sauti, "Nakusikia, Fergus. Sikuweza kuja. Nakusikia." Nilikuwa nalia kama mtoto, lakini sikuizima. Siku ile nilifika langoni kwa Bi Metcalfe. Kesho yake darajani. Wiki ya pili nikapanda kwenye lango la akina Raw na kulipita, na nikuambie, huko juu mwezi wa tatu hakuna zambarau wala asali. Ni matope na kondoo mmoja mchafu. Nilimpenda sana yule kondoo.

Jana nimeondoka nyumbani. Mashati mawili, magongo yamefungwa kwa kamba ubavuni. Nilivuka mto Tees jua likiwaka nikajiona mfalme. Jioni nililala kwa mjane mmoja anayefuga bata, nao bata walinitazama kama yule bwana wa wizara alivyonitazama. Leo mvua ilinikuta mlimani, maji yakaingia kwenye injini, nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye ukuta. Nilikaa hapo nikisikiliza mvua juu ya turubai, na sijui nikuambieje, ilikuwa raha. Hakuna aliyejua nilipo. Wanaume wawili wa trekta wakanivuta hadi hapa. Mmoja alinibeba mgongoni kuingia ndani na kusema, "Mzito wewe, unakula nini?" Nilidhani nitaona aibu. Nikamwambia, "Supu ya Bi Metcalfe."

Wanasema kesho kutakauka. Kama injini itakubali, nitafika kwako. Kama haitakubali, nitakuwa nimefika Corbridge.

Usirudi Thornsett. Hakuna mtu nyumbani.

Clem


Karibu na Craster
11 Aprili 1954

Bi Metcalfe mpendwa,

Nilitaka kukugombeza kwa kurasa mbili, halafu nimekosa pa kuanzia, basi nitakueleza tu.

Barua ya Clem ilifika Jumatatu asubuhi, siku tatu baada ya kuandikwa, maana Jumapili ilikuwa katikati. Yeye mwenyewe hakuwa amefika. Nilihesabu siku nikaona amekwama mahali tena, au ameumia. Nikamwambia matroni naondoka kumtafuta mara watoto wakishapata chakula. Bwana Straughan akaenda kuleta baiskeli yake, pasipo mtu kumwambia.

Saa sita watoto walikuwa wameketi kula. Maud ndiye aliyesikia kwanza, ana masikio yale. Akaweka kijiko chini. Halafu wote tukasikia, mbali, kwenye njia ya pwani, kitu kinachogonga kama mtu anayebisha mlango na kuendelea kubisha. Watoto arobaini na wawili wakaenda madirishani na matroni hakuwazuia.

Kilikuja taratibu kando ya bahari. Ukungu ulikuwa umetanda juu ya maji siku hiyo na njia yenyewe haikuonekana, unaona kitu cha buluu tu kinaelea, kidogo, kinakuja. Nilisimama pale mlangoni na mikono yangu yenye unga na sikuweza kwenda mbele wala kurudi. Turubai lilikuwa limechanika, taa moja imefungwa kwa kitambaa. Akasimama karibu kabisa na mimi. Alikuwa ameungua uso kwa upepo. Miaka tisa, Bi Metcalfe, uso wa ndugu yangu umekuwa rangi ya mshumaa.

Akasema, "Injini ilikataa Jumamosi. Ikakataa na Jumapili. Una chochote cha kula?"

Nikasema, "Uji upo."

Nilimshika kichwa nikakiegemeza tumboni kwangu, kupitia dirishani, na tukakaa hivyo.

Bwana Straughan akaja, ameshika baiskeli. Clem akamtazama penseli yake. "Wewe ndiye seremala?"

"Ndimi."

"Nimesikia umekataliwa."

"Mara moja tu," akasema Bwana Straughan.

"Basi muulize tena. Nipo hapa, nataka kusikia kwa masikio yangu."

Akaniuliza hapohapo, mbele ya watoto, na baiskeli mkononi. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza, maana nilikuwa nasikia harufu ya uji unaungua. Ulikuwa umeungua kweli. Tuliula hivyohivyo.

Baadaye watoto wakamzunguka garini. Maud akamuuliza, "Bwana Alderson, ile bahari ya ukungu uliivukaje?"

Clem akasema, "Ile sikuivuka, mama. Niliiota. Mlima wa juu ya Corbridge ndio niliovuka, kwa mvua, na koti langu bado bichi. Njoo ushike." Akashika. Wakashika wote, mmoja baada ya mwingine, wamepanga mstari. Na nadhani koti bichi waliliamini kuliko ukungu, na hawakumwonea kinyongo.

Alikaa siku tatu. Bwana Straughan alimshonea turubai na kukausha plagi ya injini, nao wawili walikuwa wanazungumza kwa muda mrefu chini ya gari, yaani mmoja chini na mwingine juu. Nilidhani atabaki mpaka harusi. Nilikuwa nimeshamtandikia chumba kando ya jiko, kisicho na ngazi.

Alhamisi asubuhi nikamkuta anafunga magongo ubavuni. Akaniambia kule Kelso kuna mama wa Fergus Laidlaw. Kila Krismasi amekuwa akimwandikia kumuuliza mwanawe alikufaje, na Clem hajawahi kumjibu. Akasema jambo kama lile si la kutia kwenye bahasha, lataka mtu akae jikoni kwake. Nikamwambia nitakwenda naye. Akacheka, akapiga kiti chake kile kimoja kwa kiganja.

"Na ukitoka Kelso?"

"Sijui, dada. Barabara inaendelea."

"Harusi ni Juni."

"Juni nitakuja."

Akawasha. Niliitazama ile buluu mpaka ukungu ukaimeza, na mlio ukabaki baada yake kwa muda mrefu, halafu nao ukaisha.

Usimpelekee supu, basi, na jiko lake usiliwashe mpaka atakapokuandikia mwenyewe. Miaka tisa nimejua ndugu yangu yuko chumba gani, ameegemea mto upi, kila saa ya mchana. Leo ni siku ya nne sijui yuko wapi. Asubuhi matroni ameniuliza kwa nini naimba.

Mwanao,
Thirza